Mawimbi ya Ubongo Yapimwe Hapa Hapa

Mawimbi ya ubongo ni umeme hafifu unaotokana na seli za neva zinapopashana habari. Seli moja peke yake haisikiki nje ya fuvu. Kinachosikika ni maelfu kwa maelfu ya seli zilizopangana upande mmoja katika gamba la ubongo, zikipanda na kushuka kwa pamoja, kama kwaya ya kanisa ambayo mpita njia husikia wimbo wake bila kuitambua sauti ya mwimbaji yeyote. Umeme huo ukishapenya majimaji, mfupa na ngozi, hubaki mikrovolti chache, mara nyingi kati ya 10 na 100. Stima ya nyumba ya kawaida ya Matasia, kwenye barabara ya kutoka Ngong kwenda Kiserian katika kaunti ya Kajiado, Kenya, ni volti 240. Inalizidi wimbi la mikrovolti 50 karibu mara milioni 5. Hata hivyo wimbi hilo linaweza kupimwa katika chumba hicho hicho chenye balbu, friji na chaja ya simu ukutani.

Stima hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50, na mngurumo wake huingia katika waya za kipimo na hata katika mwili wa anayepimwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi wa mawimbi ya ubongo ni kuinyamazisha nyumba. Huichuja ile hezi 50, huweka waya wa ardhini, wakati mwingine huzima kila kitu na kutumia betri. Karakana inayoendeshwa kwa betri ya sola ina afueni hapo ambayo maabara nyingi za mjini hazina, na hilo alikumbuke kila anayedhani kwamba utafiti wa aina hii lazima uanzie kwenye jumba la ghorofa.

Aliyeyarekodi mawimbi haya kwa binadamu mara ya kwanza ni Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili mjini Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Alikaa miaka 5 kabla ya kuchapisha alichokiona, na alipochapisha wengi hawakumwamini hadi Edgar Adrian wa Cambridge alipoyathibitisha mwaka 1934. Wimbi la kwanza kujulikana, alfa, lina hezi kati ya 8 na 13. Hutokea mtu anapofumba macho na kutulia, na hufifia anapoyafumbua. Hadi leo hilo ndilo jaribio la kwanza la anayejifunza kazi hii: mwambie mtu afumbe macho, hesabu hadi 10, mwambie afumbue. Alfa isipojitokeza kwenye kioo cha kompyuta, kwa kawaida kosa liko kwenye waya au kwenye nywele, na kuhusu nywele kuna mengi ya kusemwa mbele.

Wazo la kuyatumia mawimbi hayo kuiamrisha mashine lilipewa jina mwaka 1973 na Jacques Vidal wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyeuliza kama kompyuta ingeweza kuongozwa na ubongo moja kwa moja bila kupitia misuli. Kiunganishi cha ubongo na kompyuta, kwa maana hiyo, ni njia ya pembeni. Amri ya kawaida hutoka kichwani, hushuka uti wa mgongo, hufika kwenye msuli. Ajali ikiukata uti, au kiharusi kikiharibu shina la ubongo, barabara imefungwa ingawa aliyetaka kusafiri yuko hai na nia yake ni ile ile. Kiunganishi huichukua amri pale inapoanzia na kuipeleka kwenye kompyuta, kiti cha magurudumu au mkono bandia.

Njia inayofaa zaidi kwa mkono bandia hutumia mawazo ya mwendo. Mtu anapowaza kukunja kiganja cha kulia, hata kama kiganja hicho kilikatwa zamani, mawimbi ya hezi 8 hadi 12 hufifia upande wa kushoto wa kichwa, mahali fulani katikati ya sikio na utosi. Akiwaza kiganja cha kushoto, hufifia upande wa kulia. Ramani ya mkono haifutiki kichwani kwa sababu mkono umeondoka, na ndiyo maana watu waliokatwa viungo huendelea kuhisi vidole visivyokuwepo. Kompyuta huonyeshwa mifano mingi ya hali hizo mbili hadi ijifunze kuzitofautisha, kisha huigeuza tofauti hiyo kuwa amri: funga, fungua. Ni amri mbili au tatu tu, nazo huja polepole. Njia nyingine, iliyobuniwa na Lawrence Farwell na Emanuel Donchin mwaka 1988, humwonyesha mtu safu za herufi zinazomulika kwa zamu. Herufi anayoingoja ikimulika, ubongo wake hutoa wimbi la mshtuko mdogo baada ya takriban thuluthi moja ya sekunde, na kompyuta huiandika herufi hiyo. Kwa njia hiyo mtu asiyeweza hata kunong'ona hutunga sentensi, herufi kwa herufi.

Mashine hizi hazisomi mawazo. Hazijui jina la mtu, deni lake wala anayempenda. Zinatambua ruwaza chache zilizofundishwa kwa makusudi, kwa ushirikiano wa mtu mwenyewe, na akichoka au akiacha kuzingatia hazipati kitu. Watafiti wanakadiria kwamba kati ya watu 100, 15 hadi 30 hushindwa kuziongoza kwa namna ya kuridhisha hata baada ya mazoezi. Habari za kusisimua huliruka jambo hilo, na mgonjwa aliyekuja na matumaini hurudi nyumbani akidhani kosa ni lake.

Kuna njia ya kupata sauti iliyo wazi zaidi, nayo ni kuingia ndani ya fuvu. Mwaka 2004 Matthew Nagle wa Marekani, aliyepooza kutoka shingoni baada ya kuchomwa kisu, alipandikizwa kibamba chenye vipokezi vya umeme, yaani elektrodi, karibu 100 na akaweza kusogeza mshale wa kompyuta kwa kuwaza. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012, Cathy Hutchinson, aliyepooza kwa kiharusi karibu miaka 15 kabla ya jaribio, aliongoza mkono wa roboti ukamletea chupa ya kahawa mdomoni, akanywa bila kusaidiwa na mtu. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walimwezesha mwanamke aliyepoteza usemi kutoa maneno 62 kwa dakika. Januari 2024 kampuni ya Neuralink ilipandikiza kifaa chake chenye elektrodi 1,024 kwa mtu wa kwanza, Noland Arbaugh, na baada ya wiki chache baadhi ya nyuzi zake zikachomoka kwenye ubongo. Ni kazi kubwa, lakini inadai upasuaji wa ubongo, ufuatiliaji wa miaka na fedha ambazo hospitali nyingi za Afrika Mashariki hazitakuwa nazo karibuni. Kwa familia ya Matasia au Kitengela, njia iliyo karibu ni ile ya kofia ya elektrodi inayopima kutoka nje ya fuvu. Hata Juliano Pinto, aliyeupiga mpira siku ya ufunguzi wa Kombe la Dunia mjini São Paulo tarehe 12 Juni 2014 akiwa ndani ya vazi la roboti, alikuwa amevaa kofia ya elektrodi, na ubongo wake haukuguswa na kisu.

Kupima mawimbi ya ubongo si jambo geni katika pwani ya Waswahili. Kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na shirika la Wellcome kilianzishwa Kilifi mwaka 1989, na katika muongo uliofuata madaktari wake waliwawekea elektrodi watoto waliozimia kwa malaria ya ubongo. Waliyoyakuta yalibadilisha namna ya kumwangalia mtoto wa namna hiyo. Baadhi ya watoto walioonekana wametulia kitandani hawakuwa wametulia hata kidogo. Jicho likitikisika kidogo, mate yakitoka pembeni mwa mdomo, pumzi ikikatika na kurudi, kalamu za mashine ziliandika degedege kali lisilo na mtukutiko wa mikono wala miguu. Degedege ambalo mama, bibi na nesi wa zamu wote walikuwa wakilitambua kwa mtukutiko lilikuwa likiendelea kimya ndani. Bila kipimo cha mawimbi ya ubongo, EEG kama kinavyoitwa hospitalini, lisingeonekana.

Utafiti huo ulizaa mwingine. Watafiti wa Kilifi waliungana na wenzao wa Ifakara nchini Tanzania, Iganga na Mayuge nchini Uganda, Kintampo nchini Ghana na Agincourt nchini Afrika Kusini kuhesabu wagonjwa wa kifafa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba Kilifi ina karibu watu 8 wenye kifafa cha degedege katika kila 1,000, na Ifakara karibu 15. Kwa hiyo Afrika Mashariki ina watu wanaojua kuweka elektrodi, kuisoma karatasi ya mawimbi na kuandika kilichoonekana kwa namna ambayo dunia inakiamini. Ujuzi huo ulikua kwa sababu ya ugonjwa. Kiunganishi cha ubongo na kompyuta kinahitaji ujuzi ule ule kwa kazi nyingine, na bado haujafikishwa pale unapohitajika zaidi.

Mahali pamoja unapohitajika ni Kikuyu, kaunti ya Kiambu. Mtu akitoka Matasia, akapita Ngong na Karen na kuvuka Dagoretti, hafanyi safari ya nusu siku. Huko David Gathu na Moses Kiuna, wabunifu waliojifunza wenyewe, walitengeneza mkono wa roboti unaoendeshwa kwa ishara zinazopokewa na kifaa cha kichwani, kisha kugeuzwa kuwa mkondo wa umeme unaozisukuma mota za mkono. Sehemu nyingi walizipata katika taka za kielektroniki. Mkono wao wa kwanza waliuunda mwaka 2012, baada ya jirani yao kupoteza kiungo katika ajali kazini, na mwaka 2021 vyombo vya habari vya kimataifa viliwatembelea na picha zao zikazunguka dunia. Asili ya kazi hii inastahili kuangaliwa vizuri. Hawakuanza na swali la maabara. Walianza na jirani, mtu wanayesalimiana naye asubuhi, ambaye jana alikuwa na mikono miwili.

Sifa walizipata nyingi, na walistahili. Kilichokosekana ni kipimo. Kifaa chochote kinachokaa kwenye paji la uso hupokea zaidi ya ubongo. Mtu akikunja kipaji, akikaza taya au akipepesa jicho, misuli hutoa umeme unaoyazidi mawimbi ya ubongo mara nyingi, na kompyuta iliyofundishwa haraka inaweza kujifunza kuufuata msuli huku kila mtu akiamini inaufuata ubongo. Maabara kubwa duniani zimewahi kuingia katika mtego huo, kwa hiyo kuuliza swali hili Kikuyu si kuwavunjia watu heshima. Jibu lake pia si hukumu. Mkono unaoongozwa na kipaji cha uso ni mkono mzuri kwa mtu aliyekatwa kiganja, ambaye uso wake ni mzima, na huenda ukamfaa kwa wepesi kuliko ule wa mawimbi. Haumfai aliyepooza uso. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani apewe kifaa kipi, nayo haijulikani kwa kutazama video. Hujulikana kwa kuweka elektrodi za msuli na za ubongo kwa pamoja na kuzilinganisha, kazi ambayo mwanafunzi wa uhandisi wa tiba anaweza kuimaliza katika muhula mmoja akiwa na msimamizi mwangalifu.

Hesabu ya wanaoweza kunufaika si ndogo. Sensa ya 2019 ilipata Wakenya zaidi ya 900,000 wa umri wa miaka 5 na zaidi wanaoishi na ulemavu, na kundi kubwa kuliko yote, zaidi ya 385,000, lilikuwa la wenye shida ya kutembea au kusogea. Katiba ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvuka vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Ajali za bodaboda, kisukari na mashine za jua kali zinaendelea kukata viungo kila mwezi. Barabara ya Matasia ina pikipiki nyingi kuliko magari saa za jioni, na yeyote anayeishi kando yake anajua maana ya mlio wa breki usiku.

Sasa nywele. Kofia za elektrodi zilibuniwa Ulaya na Marekani kwa vichwa vya watu wa huko, vyenye nywele laini zinazolala. Elektrodi lazima iguse ngozi ya kichwa. Nywele nene zilizojikunja huisukuma juu, jeli hukauka kabla ya kuifikia ngozi, na mawimbi yanayosomwa ni kelele. Fundi hufanya anachoweza: huzitenga nywele kwa mpini wa kichana, hulisugua doa la ngozi kwa pamba yenye dawa, hukandamiza, hupima ukinzani, huanza tena. Mwanamke aliyetoka saluni na rasta zilizosukwa kwa saa 5 huambiwa azifumue au arudi nyumbani. Baadhi hurudi nyumbani. Matokeo yake ni kwamba tafiti nyingi za mawimbi ya ubongo zimewaacha nje watu weusi, na programu zilizofunzwa kwa data hiyo hazijakutana vya kutosha na vichwa vyao.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, Arnelle Etienne, alipambana na tatizo hilo kwa kichana. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2020 pamoja na wenzake, akiwemo Profesa Pulkit Grover, alionyesha kwamba nywele zikisukwa mistari inayofuata vituo vya elektrodi, ngozi hubaki wazi mahali panapotakiwa, na vibanio vilivyoundwa kuingia chini ya mistari huzishika elektrodi vizuri kuliko vifaa vya kawaida. Aliviita Sevo, neno la Kikrioli cha Haiti lenye maana ya ubongo. Kila saluni ya Matasia ina msusi anayeweza kuichora ramani hiyo kichwani kwa vidole vyake akishaonyeshwa mara moja, kwa unyoofu ambao fundi wa maabara ataungoja miaka. Msusi huyo ni mtaalamu wa kazi hii, na anafaa kulipwa kama mtaalamu. Kajiado ina neema nyingine pia. Wanawake wengi wa Kimaasai hunyoa vichwa kwa desturi, na kichwa kilichonyolewa ndicho elektrodi inachokipenda kuliko vyote. Kaunti moja inakusanya aina zote za vichwa zinazohitajika kuijaribu kofia kwa haki.

Anayekusanya vichwa hukusanya pia data, na hapo Wakenya wana kumbukumbu ya karibuni. Mwaka 2023 watu walipanga foleni ndefu Nairobi kupigwa picha ya mboni ya jicho na mradi wa Worldcoin kwa malipo ya sarafu ya kidijitali, serikali ikausimamisha Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data iliyokusanywa ifutwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataja data ya afya, ya jenetiki na ya kibayometriki kuwa nyeti. Mawimbi ya ubongo hayatajwi kwa jina. Chile iliirekebisha katiba yake mwaka 2021 ili kuzilinda shughuli za ubongo, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaiagiza kampuni ya Emotiv ifute rekodi za ubongo za aliyekuwa seneta Guido Girardi, aliyenunua kifaa chao cha kichwani. Kenya haina sababu ya kungoja kesi yake. Mawimbi yale yale yanayofunga kiganja yanaweza kuonyesha dalili za kifafa, na kifafa katika vijiji vingi bado kinamnyima mtu kazi na ndoa. Rekodi ikivuja, aliyejitolea kusaidia utafiti ndiye atakayeumia. Idhini basi itolewe kwa lugha ya anayepimwa, Kimaasai kwa Mmaasai na Kiswahili kwa anayekitumia, isomwe kwa sauti, na ieleze wazi nani ataihifadhi rekodi, kwa muda gani, na namna ya kuomba ifutwe.

Jaribio lenyewe la mkono wa Kikuyu na kofia linaweza kufanywa kwa gharama ndogo. Saketi za wazi za kusomea mawimbi ya ubongo, ambazo michoro na programu zake mtu yeyote anaweza kuzipakua, zimekuwepo kwa zaidi ya miaka 10. Shirika la TReND in Africa limewafundisha watafiti vijana wa Afrika kujitengenezea vyombo vya maabara kwa bei nafuu. Chuo kikuu kimoja cha Nairobi kitoe wahandisi, Kilifi itoe mkufunzi wa elektrodi, Kikuyu itoe mkono na waliouunda, wakiwa watafiti wenye majina yao kwenye ripoti, wala wasiishie kuwa mfano wa kupigwa picha. Kajiado Kaskazini itoe watu waliokatwa mikono walio tayari, na walipwe nauli na siku yao ya kazi.

Siku ya kwanza kila mmoja afumbe macho, alfa itafutwe. Kisha awaze kukunja kiganja mara 100, msuli wa kipaji na wa taya ukipimwa sambamba na ubongo, na ihesabiwe mara ngapi mkono ulifunga ulipotakiwa na mara ngapi ulifunga wenyewe. Baadaye aende nao nyumbani kwa miezi 2, kwenye vumbi la Kiserian, jasho la Januari na stima inayokatika, akamege ugali nao, akafunge zipu, akashike mpini wa mkokoteni. Uharibifu wote uandikwe, na fundi aliyeurekebisha aandikwe pia. Kofia ivaliwe na msichana mwenye rasta, mzee mwenye kipara, kijana mwenye afro na mama wa Kimaasai aliyenyoa, na matokeo ya kila mmoja yawekwe katika safu yake, pamoja na yale ya mara ambazo mkono ulikataa kabisa kusogea.